Risasi za 1916 ndani ya mti hai: namna ya kukagua mibuyu na mikwaju ya Salaita na Taveta kwa ditekta

Tarehe 12 Februari 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi wa Afrika Kusini waliopigana upande wa Waingereza walikishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta nchini Kenya, wakarudishwa nyuma. Makamanda wa Kiingereza walidhani mahandaki ya Wajerumani yako juu ya kilima, wakapiga kilele kwa mizinga. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wamejichimbia chini, kwenye kitako cha kilima. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 na 12 Machi, mapigano yakahamia vilima vya Latema na Reata. Risasi za siku hizo zimetawanyika ardhini, na nyingine zilizama kwenye miti ambayo baadhi yake ingali hai.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitafuta kwa ditekta ya metali bila kuujeruhi mti. Shabaha ni kuandika risasi iko wapi, kimo gani kutoka ardhini na upande gani wa shina. Ukiing'oa unabaki na gramu chache za metali mfukoni, na mti unabaki na kidonda kinachoingiza maji na ukungu. Asiyekubaliana na hilo asiendelee kusoma, maana kila hatua iliyo hapa chini imejengwa juu yake.

Ruhusa

Kwa watu wengi wa Kenya na Tanzania, mgeni mwenye ditekta chini ya mti mkubwa anatafuta mali ya Mjerumani. Imani ya rupia na dhahabu zilizofukiwa imefanya watu wachimbe kuzunguka majengo ya kale na mashina ya miti mikubwa, na mara nyingi hawapati kitu. Kwa hiyo anza kwa chifu na wazee. Ukiwa upande wa Tanzania, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Waeleze unachofanya, waonyeshe chaki na daftari, waombe mtu mmoja wa hapo akae nawe siku nzima. Mtu huyo atakusaidia kuliko ramani, kwa kuwa anajua ni nani alipigilia misumari kwenye mti upi.

Pata ruhusa ya maandishi ya mwenye shamba au ranchi. Ardhi ikiwa ndani ya Tsavo Magharibi, usiingie na ditekta bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Waandikie pia Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kuanza. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 ndiyo inayosimamia utafutaji wa mabaki ya kale. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ofisi ya kuiendea ni ile ya Mambo ya Kale. Makaburi ya vita ya Taveta, Voi na Maktau yako chini ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola: usiwashe ditekta ndani ya uzio wake hata kwa kuijaribu.

Jua unatafuta metali gani

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu pande mbili za vita zilitumia risasi zinazolia tofauti kabisa.

Waingereza, Wahindi na Waafrika Kusini walitumia .303, yaani milimita 7.7. Aina ya zamani ilikuwa na ncha ya mviringo na uzito wa karibu gramu 14; aina mpya ilikuwa na ncha kali na gramu 11 hivi. Zote zina gamba la aloi ya shaba na nikeli juu ya kiini cha madini ya risasi. Sumaku haizishiki.

Bunduki mpya za Mauser za Wajerumani zilitumia risasi ya milimita 7.92, ncha kali, gramu 10. Gamba lake ni la chuma, lililopakwa utando mwembamba wa shaba na nikeli. Sumaku inaishika, na ditekta huisoma kama chuma, au mlio wake hurukaruka kati ya chuma na metali nyingine kila unapobadilisha upande wa kupitisha koili, yaani kile kisahani cha ditekta kinachohisi metali.

Kisha kuna bunduki ya 1871, ambayo kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado nayo vita vilipoanza. Risasi yake ni donge la madini ya risasi tupu, milimita 11, gramu 25 hivi. Hulia vizuri, mlio mpana na imara.

Mwisho ni mizinga: gololi za shrapneli, yaani zilizojazwa ndani ya kombora linalopasuka hewani na kuzimwaga, za ukubwa wa milimita 12 hadi 13, za madini ya risasi yaliyotiwa antimoni, pamoja na vipande vya makombora, ambavyo ni chuma chenye kingo kali na maumbo ya kila namna.

Sasa fikiria mtu anayewasha ditekta na kuchuja chuma, kama wanavyofanya watafutaji wa sarafu ili wasisumbuliwe na misumari. Kwa kitendo hicho kimoja amefuta karibu risasi zote za Mauser na vipande vyote vya makombora. Atarudi na ramani ya mapigano yenye upande mmoja tu uliofyatua. Kwenye miti ya vita uchujaji uzimwe, na ditekta iwe kwenye hali ya metali zote tangu mwanzo hadi mwisho. Utachoka na misumari, lakini hakuna njia nyingine.

Mti unavyoimeza risasi

Mti haupandishi risasi juu. Shina hunenepa, na urefu huongezeka kwenye ncha za matawi tu, kwa hiyo risasi iliyoingia mita 1.4 kutoka ardhini mwaka 1916 iko mita 1.4 leo, isipokuwa udongo umemomonyoka au umejaa kwenye kitako. Kinachobadilika ni kina. Kila mwaka mti huongeza mbao mpya nje ya kidonda. Mkwaju unaoongeza milimita 1.5 tu kwa mwaka kila upande utakuwa umeifunika risasi kwa sentimita 16 na nusu kwa miaka 110, na hapo hujahesabu kina ilichozama siku ilipopigwa.

Risasi ya bunduki ya kijeshi ikiwa na kasi kamili hupenya mbao ngumu kwa kina kikubwa, na shina jembamba huivuka kabisa. Ndani ya mbuyu, ambao mbao zake ni laini, za nyuzinyuzi, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, hupotelea mbali kuliko koili yoyote inavyofika. Kwa hiyo ditekta itakuonyesha zaidi risasi zilizochoka: zilizotoka mbali, zilizogonga jiwe au tawi kwanza, gololi za shrapneli na vipande vya makombora. Mti ulio kimya haujathibitisha kwamba hapakuwa na mapigano. Liandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, maana ukifika mti wa kumi bila mlio utaanza kusahau.

Kuhusu aina za miti: mbuyu ndio wa kuanzia, kwa kuwa huishi karne nyingi na hauna thamani kwa wapasua mbao. Mzingo wake hautoi umri sahihi, lakini mbuyu wa mita 10 kuzunguka haukuwa mche mwaka 1916. Gome lake hujirudisha vizuri baada ya jeraha na kuacha kibonyeo chenye mikunjo. Mingi ina tundu ndani, na ukuta wa ndani unaweza kuwa karibu na risasi kuliko ukuta wa nje. Mkwaju na miti mingine migumu huja baada yake. Kovu huonekana kwa muda mrefu, na chuma kilichomo huchafua mbao kwa michirizi myeusi inayoteremka. Migunga mingi unayoiona leo tambarare ni michanga mno. Kwa watakaofanya kazi hii Tanga, kwenye uwanja wa mapigano ya Novemba 1914, mnazi hauna tabaka linalofunga kidonda, hivyo tundu la risasi hubaki wazi. Ila minazi ya 1914 iliyosimama ni adimu, na miembe mikongwe ina matumaini zaidi.

Vifaa

Ditekta ya kawaida inayofanya kazi kati ya kilohezi 5 na 20 inatosha, mradi iwe na hali ya metali zote na uweze kuisawazisha kwa mkono, yaani kuirekebisha inyamaze juu ya udongo au shina lisilo na metali. Beba koili mbili: ndogo ya sentimita 13 hadi 15 kwa mikunjo ya mbuyu, na ya sentimita 23 hadi 28 kwa sehemu bapa. Ongeza ditekta ndogo ya mkononi, yenye ukubwa wa tochi, kwa kubaini mahali hasa. Hiyo husikia sentimita 2 hadi 5 tu. Vaa visikilizio vya masikioni, kwa sababu mlio wa risasi iliyo sentimita 15 ndani hausikiki kukiwa na upepo.

Vingine ni chaki nyeupe, futi ya kitambaa ya mita 20 (ya chuma itakuharibia kazi), dira, simu yenye GPS, kamera, daftari na penseli, na vibao kumi vya sponji ngumu au kadibodi vya unene wa sentimita 1 kila kimoja. Ngazi iwe ya mianzi iliyofungwa kwa kamba. Ya alumini hupiga kelele ndani ya ditekta, na ya mbao iliyopigiliwa misumari nayo vivyo hivyo. Viatu visiwe na chuma kwenye ncha. Rangi, misumari na vibandiko vya kupigilia havina nafasi kwenye kazi hii.

Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, Septemba hadi mwanzo wa Oktoba kabla ya vuli. Mbuyu unakuwa umepukutisha majani na umepungukiwa maji, ditekta inatulia zaidi, na nyasi ni fupi kiasi cha kumwona nyoka.

Jaribio la kufanya nyumbani kwanza

Usilikwepe hili. Bila jedwali lako mwenyewe hutaweza kukadiria kina chochote.

Tafuta mbao mbichi kumi za unene wa sentimita 2, zisizo na misumari. Loweka usiku kucha ndani ya maji. Andaa vitu vya kutafuta: chubwi ya kuvulia samaki ya gramu 12 hivi, ambayo ni mbadala wa gololi ya shrapneli, chubwi ya gramu 25, badala ya risasi ya bunduki ya 1871, sarafu ya shilingi moja ya Kenya ya miaka ya 1966 hadi 1978, ambayo ni ya shaba na nikeli kama gamba la .303. Kwa risasi ya Mauser, chukua chubwi ya gramu 10 uifunge barabara ndani ya kipande cha bati la kopo la maziwa. Umepata kiini cha madini ya risasi chenye gamba la chuma. Ongeza msumari wa inchi tatu na kizibo cha soda ili uzoee milio yake.

Weka kitu kimoja nyuma ya ubao mmoja, pitisha koili, sikiliza. Ongeza ubao wa pili, wa tatu, endelea mpaka mlio upotee. Andika kina ulichopotelea. Rudia kwa kila kitu na kwa kila koili. Kwa koili ya sentimita 15 tarajia chubwi ya gramu 12 ipotee mahali fulani kati ya sentimita 10 na 15, na koili kubwa iongeze sentimita chache. Ukipata chini sana ya hapo, angalia betri na usikivu kabla ya kulaumu mbao. Sikiliza hasa chubwi iliyofungwa bati, kwa sababu mlio wake ndio wengi huutupa wakidhani ni takataka.

Kukagua shina

1. Zunguka mti mara mbili ukiwa umezima ditekta. Tafuta makovu kwa macho, mizinga ya nyuki, matundu yanayoingia na kutoka nyuki, kinyesi cha popo, na nyoka kwenye mashimo. Nyuki wakiwepo, ahirisha, hata kama mti ndio bora kuliko yote. Tanga mwaka 1914 nyuki waliochokozwa na milio ya bunduki waliwavamia wanajeshi wa pande zote mbili, na mapigano yale bado huitwa Vita vya Nyuki. Popo wakiwamo, usiingie ndani ya tundu.

2. Pima mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.3. Andika GPS. Simama kwa dira upande wa kaskazini wa shina, chora mstari wa chaki wima. Ditekta iwe mbali angalau mita 3 unaposoma dira, la sivyo sindano itavutwa.

3. Kuanzia mstari wa kaskazini, ukielekea mashariki, gawa shina kwa mistari ya wima ya sentimita 30. Ipe namba. Kisha chora mistari ya mlalo kila sentimita 50 kutoka ardhini. Sasa kila mlio una anwani: safu ya 7, sentimita 150 hadi 200.

4. Zima simu au iweke mbali. Vua saa, pete na mkanda wenye kifungo cha chuma. Washa ditekta, uchujaji sifuri, usikivu karibu robo tatu.

5. Isawazishe juu ya shina lenyewe, mahali pasipo mlio, kwa kuisogeza na kuiondoa kutoka kwenye gome. Kusawazisha kwenye udongo mwekundu wa volkano wa Taveta halafu ukakagua mbuyu wenye maji ni kosa la kila siku: ditekta itakoroma kila unapogusa gome.

6. Shikilia koili sambamba na gome, sentimita 1 mbali nalo, bila kugonga. Ipitishe polepole, upana wa safu moja kwa sekunde moja na zaidi. Kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia. Maliza safu kutoka chini kwenda juu, kisha irudie kwa mlalo. Mlio unaosikika mwelekeo mmoja tu uwekee alama ya kuuliza, usiupuuze.

7. Penye mlio, punguza eneo kwa kuvuka koili kwa msalaba, weka X ndogo ya chaki. Endelea mbele, usianze kubaini kitu hapo hapo. Shina zima kwanza.

8. Panda hadi mita 4 au 5 pakiwa salama. Watu wengi hukomea kimo cha kichwa, ilhali wapiganaji waliofyatua kwa haraka mara nyingi walipiga juu. Mwenzako ashike ngazi, na koili iwe umbali wa mkono kutoka kwenye vifungo vyovyote.

9. Mbuyu wenye tundu salama: rudia kazi yote ndani, kwa koili ndogo, ukitumia namba zile zile za safu.

Mkiwa wawili, mmoja anasikiliza na mwingine anaandika, mbuyu wa mita 12 huchukua siku nzima. Anayekuambia amemaliza kwa saa moja ameruka mikunjo.

Milio ya uongo

Ditekta ndogo ya mkononi ikilia kwa nguvu juu ya X kwenye mti unaoendelea kukua, kitu kiko sentimita chache tu ndani, na mti wenye afya ungekuwa umekizika zaidi kama kingekuwa cha 1916. Mara nyingi ni msumari wa bango, waya wa ua au waya wa kutundikia mzinga wa nyuki. Kanuni hii ina mipaka yake: upande wa shina uliokufa hauongezi mbao, na mbuyu hunenepa na kusinyaa kwa majira, wakati mwingine ukikaa miaka bila kuongezeka. Kwa hiyo mlio wa juujuu kwenye gome hai la mkwaju ufute kwa ujasiri. Kwenye mbuyu uandike "juujuu, una shaka" uendelee.

Makovu nayo yana lugha zake. Risasi huacha kibonyeo cha mviringo, gome likiwa limejikunja kuelekea katikati, bila mpangilio na vingine. Makovu yaliyopangana kama ngazi kwenda juu ni ya vigingi vya walina asali. Mkanda wa mlalo unaozunguka shina ni mahali gome lilibanduliwa ili kutengeneza kamba. Michubuko mirefu ya wima, nyuzi zikiwa zimening'inia, ni ya pembe za ndovu, na Tsavo ina mingi sana.

Kelele inayokuja na kwenda bila koili kusogea ni ya umeme: nyaya za barabara ya Voi–Taveta, mnara wa simu, au redio ya mtu. Badilisha masafa ya ditekta kama inaruhusu, au punguza usikivu kidogo kidogo.

Kukadiria kina

Weka koili juu ya X, kisha chomeka kibao kimoja cha sponji kati ya koili na gome. Bado inalia? Ongeza cha pili. Endelea mpaka mlio ufe. Tuseme ulipotea kwenye kibao cha 5, na jedwali lako linasema koili hiyo huipoteza chubwi ya gramu 12 kwenye sentimita 14. Kitu kina kina cha sentimita 9 hivi kutoka uso wa gome.

Hesabu hiyo inadhani ukubwa wa kitu ni ule wa jedwali. Kipande kikubwa cha kombora kilicho sentimita 25 ndani kitajifanya gololi iliyo sentimita 9. Njia ya kutofautisha ni upana wa mlio: kitu kidogo kilicho karibu hulia mahali pamoja na kukatika ghafla, kikubwa kilicho mbali hulia eneo pana na kufifia taratibu. Shina likiwa na unene wa chini ya sentimita 40, pima pande zote mbili na ulinganishe.

Usitoboe ili kuhakikisha. Hata kitobo chembamba cha kuchukulia sampuli kwenye mbuyu huacha njia ya maji, na mbuyu uliooza ndani huanguka wote.

Kuandika na kusoma ulichopata

Kwa kila X andika: namba ya mti, GPS, aina, mzingo; safu na nyuzi za dira; kimo kwa sentimita; koili; aina ya mlio (imara, unaoruka, wa chuma); idadi ya vibao hadi kupotea; kina kinachokadiriwa; kovu lipo au halipo. Piga picha mbili, moja ya karibu yenye futi ndani yake na moja inayoonyesha mti mzima na kilima nyuma.

Kisha linganisha upande na metali. Salaita, washambuliaji walitokea kambi yao ya Serengeti (si mbuga ya Serengeti ya Tanzania), mashariki, na walinzi walikuwa kwenye kilima. Shina lililo kati yao lenye milio imara isiyo ya chuma upande wa mashariki, na milio ya chuma inayoruka upande wa kilima, linakubaliana na historia. Lisipokubaliana, usilazimishe. Baada ya Tanga Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za Kiingereza na laki kadhaa za risasi, kwa hiyo .303 iliweza kufyatuliwa kutoka upande wowote. Isitoshe, bunduki za .303 ziliendelea kutumika Kenya miongo mingi baadaye, na wawindaji hawajakosa kupita hapo. Mlio mmoja hauthibitishi lolote. Milio mingi upande mmoja, kimo kinachokaribiana, kwenye miti kadhaa iliyo jirani, hapo una jambo la kupeleka makumbusho.

Kazi hii inaweza hata kupima simulizi. Taveta husimuliwa habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu wenye tundu akiwadungua askari wa Kiingereza. Mbuyu unaotajwa namna hiyo, kama kweli ulijibiwa kwa risasi, unatarajiwa kuwa na mkusanyiko wa milio na makovu kuzunguka tundu kuliko upande wake wa nyuma. Kagua pande zote kwa uangalifu ule ule, uhesabu, ndipo useme.

Ukikuta kombora, na ukikuta mti ulioanguka

Kombora, bomu la mkono au risasi nzima yenye ganda lake lisilofyatuliwa, iwe kitakoni mwa mti au ndani ya tundu, haiguswi. Karne moja ya kutu haitulizi baruti. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, funga kitambaa chenye rangi kali kwenye kichaka mita nyingi kutoka hapo, chukua GPS, mjulishe chifu na polisi ili waite wataalamu wa mabomu. Risasi nzima, hata ikiwa kuukuu, bado ni risasi mbele ya sheria ya silaha, na kuibeba mfukoni kunaweza kukupeleka kortini.

Mbuyu unapokufa huporomoka na kugeuka lundo la nyuzi kwa muda mfupi, na risasi zilizokuwa ndani sana hushuka ardhini zikiwa karibu na pale zilipokuwa. Hapo ndipo zile zilizokuwa nje ya uwezo wa ditekta huonekana, na hapo ndipo hupotea haraka, kwa watoto, mafuriko na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukiona mbuyu mkongwe umeanguka kwenye eneo la vita, piga picha lundo likiwa halijaguswa, andika shina lilielekea wapi lilipoanguka, weka mawe manne kuonyesha mipaka ya kitako, na upige simu makumbusho siku hiyo hiyo. Wakikuruhusu kupitisha ditekta juu ya lundo, gawa eneo kwa miraba ya nusu mita kwa kamba na vigingi vya mti, weka alama za milio bila kufukua, na kuchimba uwaachie wao. Mti mgumu ulioanguka na kununuliwa na wapasua mbao una haraka zaidi: muombe mwenye msumeno akuachie saa mbili uukague gogo kwanza. Mara nyingi atakubali mara moja, kwa kuwa mnyororo wake ukikutana na kipande cha kombora meno yanang'oka yote. Akishapasua, muombe ubao wenye risasi ubaki mzima, uandike juu yake kwa penseli kimo kutoka kitako na upande wa kaskazini, kabla mbao hazijachanganywa.